Mchanga usionyonya: kisa cha kiwanja kimoja juu ya tili ngumu, kusini-mashariki mwa Massachusetts

Usuli

Kiwanja hiki kiko katika Kaunti ya Plymouth, kusini-mashariki mwa jimbo la Massachusetts, Marekani. Kina ukubwa wa ekari mbili na ushei, kimejaa miti, na hakijawahi kujengwa. Upande huo wa mji hauna bomba la umma la maji taka, kwa hiyo kila nyumba hujitegemea: tangi la septiki, kisha uwanja wa kunyonyea, yaani mabomba yenye matundu yaliyolazwa kwenye kokoto ili maji yanayotoka kwenye tangi yapenye ardhini taratibu na kusafishwa na udongo. Maji ya kunywa nayo hutoka kwenye kisima cha mwenye nyumba, ndani ya kiwanja hicho hicho. Majina, mtaa na miaka vimeondolewa. Vipimo vimeachwa, kwa sababu hapa vipimo ndivyo kisa chenyewe.

Wanunuzi walikuwa mume na mke waliotaka nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, yenye ghorofa moja chini ya ardhi. Muuzaji alikirithi kiwanja na hakuwa na matumizi nacho. Walikiona mara ya kwanza mwishoni mwa Agosti. Waliona tambarare yenye kivuli na majani makavu chini, na ukichokora kidogo kwa koleo unatoka mchanga. Muuzaji akawapa matokeo ya jaribio alilofanya mwenyewe: shimo la kina cha inchi 18, likajazwa maji, na maji yakashuka inchi tatu kwa dakika tisa. Dakika tatu kwa inchi moja. Ukilitazama jedwali la kanuni za maji taka bila kuitazama ardhi, hiyo ni kasi ya kushangilia.

Dalili nyingine zilikuwepo pale pale. Miti mingi ilikuwa maple mwekundu, na chini yake vichaka virefu vya bluberi, kangaga, na vibonge vya kuvumwani vilivyokauka rangi. Mawe makubwa yalichomoza kila baada ya hatua chache. Mti mmoja mnene ulikuwa umelala, umeng'olewa na upepo mizizi yote ikiwa juu. Ukiukaribia unaona mambo mawili: hakuna mzizi hata mmoja ulioshuka zaidi ya nusu mita, na upande wa chini wa mizizi umenyooka bapa, umeshikilia mchanga wa kijivu. Maple hakuzuiwa na mchanga. Alikuta kitu chini yake, akageuka akatambaa.

Ardhi hiyo ilivyojengeka

Ramani ya udongo ya NRCS, wakala wa shirikisho unaosimamia uhifadhi wa udongo, iliandika sehemu kubwa ya kiwanja kuwa Norwell, yenye mawe mengi sana juu. Norwell ni jina la udongo wa kichanga usiotoa maji vizuri, uliokaa juu ya tili iliyoshikamana. Tili ni kile kilichoachwa na barafuto: mawe, changarawe, mchanga na unga wa miamba iliyosagwa, vyote vimechanganyika bila kupangwa. Barafu kubwa ya Laurentide iliifunika New England yote, yaani majimbo ya kona ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, na ilikuwa imeshaondoka sehemu hizi za pwani zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Iliacha tili za aina mbili. Ya kwanza ilipakwa chini ya barafu ikiwa bado inasogea, ikagandamizwa na uzito usioelezeka. Ya pili ilidondoka juu barafu ilipokuwa inayeyuka, ikabaki imelegea, na mara nyingi maji ya kuyeyuka yaliifua ikabaki mchanga zaidi kuliko unga.

Ndiyo maana udongo mmoja unaweza kuwa na tabia mbili zisizopatana. Juu, mchanga wenye nafasi nyingi kati ya punje. Chini, kwa kawaida ndani ya mita moja, tabaka lenye uzito wa gramu 1.8 kwa sentimita ya ujazo au zaidi, wakati udongo mwema wa shambani huwa karibu gramu 1.3. Ukiligonga kwa mtaimbo linalia. Ukilimega kwa kisu linaachana kwa vipande bapa. Maji yanayopita mchangani kwa dakika chache huhitaji siku kadhaa kupenya hapo, na mizizi haipiti kabisa ila kwenye nyufa.

Sasa mchanga wenyewe. Watu husema mchanga hunyonya, na kweli hunyonya, mradi maji yana pa kwenda. Mchanga uliolazwa juu ya tili ngumu kwenye tambarare ni maji juu ya sinia: yanaingia haraka, halafu yanakaa. Tena mchanga hujaa upesi kuliko wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya nafasi zake tayari ina unyevu ulioshikwa na punje au hewa iliyonaswa, kwa hiyo inayobaki kupokea maji mapya inaweza kuwa asilimia 20 hivi ya ujazo. Hesabu ni rahisi: mvua ya inchi moja inainua maji ya chini kwa inchi tano. Mvua mbili nzuri za Novemba zinatosha kuyatoa maji kina cha goti chini ya ardhi na kuyaleta karibu na nyayo zako.

Jambo lingine linalowapotosha wageni wa eneo hilo ni mvua. Haina msimu. Hunyesha karibu sawa kila mwezi, jumla kama milimita 1,200 kwa mwaka. Kinachobadilika ni miti. Kuanzia Mei hadi Septemba majani hunywa na kupumua nje maji mengi kuliko yanayonyesha, na tabaka la maji lililoning'inia juu ya tili hushuka, pengine hutoweka. Majani yakipukutika, hakuna tena anayekunywa. Maji hupanda kuanzia Novemba, hufika kilele kati ya Machi na Aprili theluji inapoyeyuka, kisha hushuka miti inapochipua. Anayepima mwezi wa Agosti anapima kiu ya miti.

Wanaolima kranberi, tunda dogo jekundu la kwenye vinamasi, katika kaunti hiyo hiyo wanaijua ardhi ya maji na wanaitumia kwa faida. Anayetaka kuweka maji taka ardhini ana shida tofauti kabisa.

Kilichotokea

Wanunuzi waliafiki bei. Wakili wao alisisitiza kifungu kimoja kwenye mkataba: ununuzi ungekamilika tu iwapo bodi ya afya ya mji ingekubali eneo la uwanja wa kunyonyea. Muuzaji alilalamika kidogo, akatia saini.

Jaribio la muuzaji halikuwa na nguvu yoyote kisheria. Kanuni za jimbo, zijulikanazo kama Title 5, yaani 310 CMR 15.000, zinataka mashimo marefu ya uchunguzi yasomwe na mtathmini wa udongo mwenye cheti, mbele ya mwakilishi wa bodi ya afya, kabla hata ya kuhesabu dakika za unyonyaji. Utaratibu huo uliingia na marekebisho makubwa ya mwaka 1995. Kabla ya hapo mambo yaliegemea zaidi jaribio la unyonyaji na maji yaliyoonekana shimoni siku hiyo.

Mashimo mawili yalichimbwa kwa katapila katikati ya Septemba, mahali hasa nyumba na uwanja vilipokusudiwa. Shimo la kwanza lilisomwa hivi. Juu kabisa inchi nne za mboji nyeusi, laini, inayopaka vidole. Chini yake mchanga mweusi wenye tifutifu kidogo hadi inchi nane. Kisha mchanga wa kijivu uliofifia, wenye madoa ya rangi ya chungwa, mengi yakiwa yamezunguka njia za mizizi iliyooza. Kwenye inchi 28 katapila ilibadilisha sauti. Meno ya ndoo yalianza kukwangua badala ya kuchota, na vilivyotoka vilikuwa vipande bapa vya rangi ya zeituni na kijivu, vikavu vikavu. Walichimba hadi futi nane. Hakuna tone la maji.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Wanunuzi, muuzaji na hata mwendesha katapila waliona shimo kavu. Mtathmini aliandika kwenye fomu kwamba kiwango cha juu cha maji ya ardhini kwa msimu wa maji mengi ni inchi nane kutoka uso wa ardhi. Shimo la pili, hatua thelathini kutoka hapo, lilimpa inchi kumi, na tili kwenye inchi 31. Jaribio la unyonyaji likafanywa ndani ya tili: shimo la upana wa inchi 12 na kina cha inchi 18, likaloweshwa kwanza kwa dakika 15 kama kanuni inavyotaka. Baada ya saa nzima maji yalikuwa hayajashuka hata nusu inchi.

Muuzaji alileta mtaalamu wake. Huyu hakupinga tili. Alipinga rangi. Hoja yake, na si hoja ya kipuuzi, ilikuwa kwamba chini ya misitu ya New England asidi za majani huosha chuma kutoka kwenye mchanga wa juu na kuacha mkanda wa kijivu-jivu au mweupe hata mahali pakavu kabisa. Kwa hiyo kijivu kile kingeweza kuwa kazi ya asidi, wala si ya maji.

Pande zote zikakubaliana kuweka mabomba ya kupimia na kungoja. Yaliwekwa mawili Oktoba. La kwanza, la PVC lenye matundu, liliishia inchi 26, juu kidogo ya tili. La pili lilitoboa hadi futi sita ndani ya tili, kwa sababu muuzaji aliamini kwamba bomba refu ndilo lisemalo kweli. Bomba fupi lilikuwa kavu hadi mwisho wa Oktoba. Katikati ya Novemba lilikuwa na maji inchi 17 kutoka usoni. Februari, inchi tisa. Wiki ya tatu ya Machi, inchi tano, na katika vishimo vilivyoachwa na miti iliyoanguka maji yalikuwa wazi juu ya ardhi. Mwisho wa Aprili yalianza kurudi nyuma, na Julai bomba likawa tupu tena. Bomba refu lilizunguka kati ya inchi 22 na 40 majira yale yote ya baridi, na kila mara muuzaji alilitaja hilo, si lile fupi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mtathmini: kuamini rangi kuliko shimo kavu. Sababu yake ni kemia. Udongo ukijaa maji muda mrefu na ukiwa na joto la kutosha, vijidudu humaliza oksijeni. Wakiikosa, wanaanza kutumia madini, kwanza manganizi, kisha chuma. Chuma kikibadilishwa hivyo huyeyuka na kuhama, na punje za mchanga hubaki uchi, kijivu. Maji yakishuka hewa huingia kwanza kupitia njia za mizizi, na chuma kilichokuwa kimeyeyuka hugeuka kutu hapo hapo. Ndiyo maana madoa ya chungwa yalikuwa yamefuata mizizi. Rangi hiyo haijengwi na mvua ya wiki moja. Ni hati ya miaka mingi, na Title 5 inairuhusu kutumika kukadiria kiwango cha juu cha maji hata siku ambayo shimo ni kavu. (Chuma hicho kilichohama huenda mbali kuliko mtu anavyodhani. Enzi za ukoloni, watu wa sehemu hizo walikiokota kutoka kwenye mabwawa na vinamasi na kukiyeyusha kuwa masufuria na misumari.)

Hoja ya mtaalamu wa pili ilijibiwa kwa kukwangua ukuta wa shimo upya. Mkanda wa asidi hukaa juu, mara tu chini ya mboji, na chini yake lazima kuwe na tabaka la wekundu au kahawia iliyokolea ambamo chuma na masalia ya majani vilivyooshwa vilitua. Hapa mpangilio ulikuwa kinyume: kijivu kilianza inchi nane na kuendelea bila kukatika hadi kwenye tili, hakukuwa na tabaka la kahawia chini yake, na mstari wa mwisho juu ya tili ulikuwa na madoa mengi kuliko popote. Hata hivyo mtathmini alikiri kwa maandishi kwamba mchanga ni mgumu kusomeka. Una chuma kidogo tangu mwanzo, kwa hiyo madoa yake hufifia na watu wawili waaminifu wanaweza kutofautiana inchi tatu au nne. Kwa sababu hiyo hakupinga kungoja masika ya huko, yaani Machi na Aprili.

Uamuzi wa pili ulihusu tuta. Mhandisi wa wanunuzi aliulizwa kama uwanja hauwezi kuinuliwa kwa mchanga wa kununua. Kwa maji ya inchi nane hesabu inaanza vibaya. Kanuni inataka futi nne kati ya chini ya uwanja na kiwango cha juu cha maji, na futi tano pale udongo unaponyonya kwa kasi ya dakika mbili kwa inchi au chini ya hapo. Inchi 48 toa nane ni 40: chini ya uwanja ingekaa zaidi ya mita moja juu ya ardhi ya asili, na ukiongeza kokoto, mabomba na udongo wa kufunika unapata kilima cha karibu futi tano na nusu katikati ya msitu, chenye miteremko mirefu pande zote. Lakini hata kilima hicho hakikuwa na maana, kwa sababu kanuni inataka pia futi nne za udongo wa asili unaopenyeka chini ya uwanja. Hapo kulikuwa na inchi 28 tu, kisha tili. Mchanga wa kununua haujazi upungufu huo. Kwa nyumba mpya, mlango ulikuwa umefungwa.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutoondoka. Wanunuzi walikuwa na haki ya kujitoa na kurudishiwa amana yao, na wakili aliwashauri hivyo. Mtathmini aliwaomba kitu kimoja kwanza: watembee naye kiwanja kizima mwezi wa Machi, siku ya maji ya juu, wafuate mpaka wa unyevu kwa miguu. Kona ya kaskazini-mashariki ardhi iliinuka futi sita au saba. Pale maple waliisha na mialoni na misonobari ikaanza. Kuvumwani hakukuwepo.

Matokeo

Shimo jipya la uchunguzi, juu ya mwinuko huo, lilitoa mchanga na changarawe zilizolegea hadi futi tisa bila kugusa tili. Madoa ya kwanza yalionekana inchi 62. Unyonyaji ulikuwa dakika nne kwa inchi, mbele ya mwakilishi wa bodi. Hesabu ikageuka: inchi 62 toa 48 ni 14, kwa hiyo chini ya uwanja ingeweza kukaa inchi 14 ndani ya ardhi ya asili, na tuta la juu lingekuwa la kawaida tu. Bodi ya afya ilikubali.

Kila kitu kingine kilibidi kifuate mwinuko. Uwanja ulipaswa kukaa futi 50 au zaidi kutoka ardhi oevu, ukapata 58. Kisima kilipaswa kuwa futi 100 kutoka uwanja, kikahamishiwa upande wa barabara. Kwa kuwa tambarare yote ilithibitishwa kuwa ardhi oevu, kazi yoyote ndani ya futi 100 kutoka mpaka wake ilihitaji kibali cha kamisheni ya hifadhi ya mji chini ya sheria ya jimbo ya kulinda ardhi oevu, sura ya 131, kifungu cha 40. Mashauri yalichukua miezi.

Nyumba ilijengwa kwenye bega la mwinuko, ndogo kuliko ilivyochorwa mwanzo, bila ghorofa ya chini. Misingi ilishuka futi nne kama inavyotakiwa huko ili baridi isiiinue, na ilikaa karibu na tili. Kwa kubeba nyumba tili ni zawadi. Haizami wala haitawanyiki. Bei ya kiwanja ilipunguzwa kwa makubaliano. Tambarare ikaachwa msitu.

Tatizo lililobaki lilikuwa njia ya gari. Ilipita pembeni mwa mwinuko, na majira ya baridi ya kwanza maji yalichuruzika kutoka mteremkoni, yakaganda juu ya changarawe kwa tabaka nene. Mkandarasi alikuwa amechimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa njia, wenye bomba la matundu na kokoto, kina cha inchi 20. Tili hapo ilikuwa inchi 30. Inchi kumi za mchanga chini ya mtaro ziliendelea kupitisha maji bila wasiwasi. Kamisheni iliruhusu mtaro uchimbwe upya, safari hii ukaingia inchi tano ndani ya tili yenyewe, ukavikwa kitambaa cha kuchuja. Tangu hapo njia inakauka.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi lilifanywa kabla ya mtaalamu yeyote kufika, nalo ni kuchukua umbile la udongo wa juu kuwa jibu la swali la maji. Kasi ya dakika tatu kwa inchi haikuwa uongo. Ilipima vizuri kabisa jambo lisilohusika: jinsi mchanga mkavu wa Agosti, wenye nafasi tupu inchi 28 kwenda chini, unavyopokea ndoo mbili za maji. Uwanja wa kunyonyea haupokei ndoo mbili. Unapokea maji ya nyumba nzima kila siku, Machi ikiwemo, wakati mchanga huo huo umejaa. Matokeo yangekuwa maji taka kutokea juu ya majani, na kisima cha jirani ndicho kingefuata.

Mabomba mawili ya kupimia yanafaa kusomwa pamoja kwa makini, maana hapa ndipo nilipoona watu wazoefu wakichanganyikiwa. Maji haya yananing'inia: yako juu ya tili, na chini yake tili inaweza kuwa kavu. Ndiyo maana shimo la futi nane lilikuwa kavu Septemba, na ndiyo maana lingechimbwa Machi lingejaa kutoka ubavuni, mchanga ukitiririka kwenye mstari wa tili huku sakafu ya shimo ikiwa bado ngumu na kavu. Bomba linalotoboa tili linaunganisha dunia mbili. Maji ya juu huvuja kuelekea chini kupitia bomba, na kipimo kinachosomwa ni wastani usio wa mahali popote. Bomba refu halikuwa na faida hata moja, isipokuwa kumpa muuzaji namba ya kushikilia. Kwa udongo wa namna hii, bomba la kupimia liishie juu ya tabaka gumu, tena bila kuligusa.

Je, miezi ya kungoja ilihitajika? Kwa upande wa kanuni, hapana. Rangi zilitosha, na masika ya huko yalithibitisha usomaji wa Septemba, yakapita hata inchi tatu juu yake. Ninavyoona mimi, miezi ile ilitumika kuwashawishi watu, haikugundua jambo jipya. Lakini singeiita hasara. Kwenye mchanga wenye chuma kidogo ubishi kuhusu rangi ni wa haki, na mnunuzi anayetaka kutumia akiba yake yote hawezi kulazimishwa kuamini doa la chungwa lenye upana wa ukucha. Kilichokuwa hasara ni kutotumia miezi hiyo kutafuta mahali pengine kiwanjani. Mwinuko wa kaskazini-mashariki ulikuwepo tangu Agosti.

Ramani nayo ilisaidia na ikapotosha kwa wakati mmoja. Ilisema Norwell, na ilisema kweli kwa sehemu kubwa. Wanunuzi walipoisoma waliona neno la mchanga wakaridhika, wakaruka maneno kuhusu utoaji maji yaliyokuwa mstari huo huo. Kisha wakala wa muuzaji akaikuza kwenye kompyuta hadi kiwanja kikajaa kioo, akahitimisha kwamba hakuna kitu kingine humo. Ramani za udongo hazikuchorwa kwa ukubwa huo. Ndani ya eneo moja lililopakwa rangi moja huwa na vipande vya udongo mwingine: Scituate kwa mfano, ambao nao hukaa juu ya tili iliyoshikamana lakini maji yake hushuka zaidi, au mabaki ya changarawe za maji ya barafu kama ule mwinuko. Katika nchi iliyofinyangwa na barafu, hatua arobaini zinaweza kukutoa kwenye kinamasi hadi kwenye changarawe kavu. Mimea ilionyesha mpaka huo kwa usahihi kuliko ramani. Maple wekundu peke yao wasingetosha, kwa kuwa mti huo huvumilia pia mahali pakavu. Lakini maple, bluberi ndefu, kangaga na kuvumwani kwa pamoja, na mizizi iliyotambaa bapa, ni ushahidi ambao mtu hahitaji cheti kuusoma.

Kifungu cha mkataba kilifanya kazi yake kimya kimya, na bila hicho kisa hiki kingekuwa cha mahakamani.

Kuhusu mtaro, mkandarasi alifuata desturi yake ya kazi kwenye mchanga mrefu, ambapo kina cha inchi 20 hukata maji ya juu na kutosha. Juu ya tili maji mengi husafiri upande, kwenye mkanda mwembamba ulio mara tu juu ya tabaka gumu, yakifuata mteremko wa tili ambao si lazima uwe sawa na mteremko wa ardhi unaouona. Mtaro usiofika hapo hukusanya kiasi kidogo cha maji na kuyaacha mengine yapite chini. Kina cha mtaro wa aina hii hakipimwi kutoka usoni kwenda chini. Mtu hutafuta tili kwa mtaimbo kila mita chache kabla ya kuchimba, na kwenye kiwanja hiki tofauti kati ya mwanzo na mwisho wa mtaro ilikuwa zaidi ya futi moja.

Wanunuzi waliuliza baadaye kama mtaro mrefu zaidi ungeweza kuikausha tambarare yenyewe ili siku moja waiongezee bustani. Kiufundi ungeyashusha maji kidogo karibu na bomba, mita chache kila upande. Kisheria ni kuikausha ardhi oevu, na kamisheni ilijibu kwa barua ya aya moja. Kwa sasa bomba fupi la kupimia bado liko mahali pake, na mwenye nyumba huliangalia kila Machi.